Tarehe na Karatasi za Kukagua Kabla ya Kusafiri Nje ya Nchi

Kabla hujakata tiketi, fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wenye picha na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai mgeni anapoingia, na zile za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hutaka iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki halali kwa miezi 3 baada ya siku unayokusudia kuondoka huko. Mara nyingi atakayekuzuia ni mhudumu wa shirika la ndege, hata kabla hujamfikia afisa wa uhamiaji, kwa sababu shirika linalompakia abiria asiye na nyaraka sahihi hulazimika kumrudisha na huweza kutozwa faini.

Jina nalo lifanane kwenye pasipoti, viza na tiketi, herufi kwa herufi. Nimeshuhudia dada mmoja akisimama kaunta akibubujikwa na machozi, kwa kuwa tiketi ilikuwa na jina la mumewe ilhali pasipoti ilikuwa bado na la baba yake. Kosa hilo angeligundua nyumbani kwa dakika 2 tu, kwa kuziweka karatasi hizo mbili bega kwa bega. Iwapo utabadilisha ndege katika nchi ya tatu, ulizia pia viza ya kupitia, maana baadhi ya nchi huidai hata kwa abiria asiyetoka nje ya uwanja.

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Anayechanjwa siku tatu kabla ya safari atafika akiwa na kadi ambayo bado haijaanza kutumika. Ukiipokea, hakikisha ina jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, sahihi, namba ya toleo la chanjo na mhuri wa kituo. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani usiitupe.

Dawa zibaki katika vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari, kwani dawa ya kawaida katika nchi moja huweza kuwa marufuku katika nyingine. Betri za akiba za kuchajia simu huwekwa katika mzigo wa mkononi, kamwe si katika begi linalopakiwa chini. Ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza utumie fedha ipi, chagua fedha ya nchi uliyopo, kwa kuwa ubadilishaji unaofanywa na mashine kwa kawaida huwa ghali zaidi.

Kwenye kaunta utapewa kikaratasi chenye namba ya begi lako. Kitunze, kwani bila hicho ni vigumu kulifuatilia. Begi lisipofika, au likifika limevunjika, toa taarifa kabla hujatoka katika ukumbi wa mizigo na uondoke na nakala ya fomu. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, unampa abiria siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika kulalamika kwa maandishi, na siku 21 tangu kukabidhiwa mzigo uliochelewa.