Mtoto anayehangaika kusoma: namna ya kumsaidia nyumbani

Kabla ya jambo lolote, mtoto apimwe macho na masikio. Asiyesikia vizuri sauti kama s, f na sh huonekana mzembe darasani, kumbe hazimfikii. Ute ukijaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, usikivu hupanda na kushuka, ndiyo maana leo anaitika na kesho haitiki.

Vipimo vikiwa sawa na shida bado ipo, chunguza anakwama wapi. Mpe aya fupi aisome kwa sauti, nawe uandike kila neno alilokosea kama alivyolitamka. Usimsahihishe. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na upungufu wa akili, mara nyingi hulifikia neno sahihi, ila kwa kujikokota silabi kwa silabi, na akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo. Kujikokota huko ni dalili, si uvivu. Wengine huruka silabi za katikati, au hukwama kwenye mb, nd, ng na ng'. Kuchanganya b na d kabla ya miaka 7 ni kawaida. Kukiendelea baada ya hapo pamoja na kusoma kwa shida, omba afanyiwe tathmini.

Orodha hiyo ya makosa ndiyo itakayokuongoza. Tenga dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wakati ambao hajachoka wala hana njaa.

Dakika 5 za kwanza ni za masikio tu, bila karatasi: "Sema kalamu. Sasa ondoa ka. Imebaki nini?" Wazazi wengi huiruka hatua hii kwa kuiona mchezo. Lakini mtoto asiyeweza kuzitenga sauti za neno hana pa kuzishikiza herufi.

Dakika 7 zinazofuata ni za kosa moja tu. Likiwa mb, kata kadi 5: mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Atamke huku akiandika kwa kidole kwenye mchanga, kisha asome mbuzi, mbegu, shamba, jembe. Mbu yule mdudu aachwe kwanza: m yake husimama peke yake kama silabi, itamvuruga. Kama shida ni b na d, usizifundishe siku moja. Shikilia b mpaka aitambue bila kusita siku kadhaa mfululizo, ndipo ulete d.

Maneno marefu ndiyo yanayowakatisha tamaa. Mfundishe kuyakata: wana-cheza, hawaja-fika, tuta-ondoka. Vipande kama wana- na hawaja- hurudi karibu kila ukurasa. Akivitambua kwa kutupa jicho, hubakiwa na mzizi tu wa kuhangaika nao. Funika neno kwa kidole, funua kipande kimoja kimoja.

Dakika 3 za mwisho someni pamoja kwa sauti, wewe ukifuata mwendo wake. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi 4, mtajie neno, alirudie, msonge mbele. Akikosa zaidi ya maneno 2 katika 20, kitabu hicho ni kigumu mno kwake.

Kumnakilisha neno mara 50 hakusaidii: mkono huandika, akili haipo. Kumlinganisha na nduguye humfundisha kuficha anachoshindwa, nawe hutakijua tena. Na tafadhali usimnyime hadithi za umri wake kwa sababu hawezi kuzisoma. Msomee wewe kila siku, la sivyo msamiati nao utabaki nyuma.

Shuleni nenda na daftari lako la makosa, uombe mambo mahususi: muda wa ziada kwenye mtihani, kusomewa maswali ya hisabati, kujibu kwa mdomo inapowezekana, na kutoitwa kusoma mbele ya wenzake bila kuandaliwa. Msiachane na mwalimu kabla ya kupanga tarehe ya kukutana tena.

Kila mwisho wa wiki, asome kwa dakika 1 aya mpya yenye ugumu uleule, uandike idadi ya maneno sahihi. Ikipita miezi miwili ya mazoezi ya kweli na idadi haijasogea, mpeleke kwa mtaalamu wa elimu maalumu pamoja na daftari hilo. Litamwonyesha yale ambayo mtoto hawezi kuyaeleza mwenyewe.