Siku Moja Berlin: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujatoka Lindi

Siku hizi karibu kila ukoo una mtu Ujerumani: huyu kaolewa, yule anasoma. Mzee akienda kumtembelea, haipiti wiki atasikia, "Twende Berlin hata kwa siku moja." Siku moja inatosha kuona mengi. Ikipangwa ovyo, inaishia kwenye ngazi za stesheni.

Ya wazi nayapitia haraka. Viza ya Schengen iombwe mapema, pamoja na bima ya safari ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Pasipoti tembea nayo, kopi imwachie mwenyeji. Chaja ya pini tatu haingii kwenye soketi zao, kwa hiyo nunua adapta Kariakoo kabla ya kupanda ndege. Beba sarafu za euro, maana choo cha stesheni kinalipiwa. Maji ya bomba yanakunywika, chupa moja ya kujaza inakutosha kutwa. Viatu viwe vile ulivyovizoea, si vipya vya kupigia picha.

Majira nayo yaangalie. Huku kwetu mfuko unanona baada ya mnada wa korosho, hivyo wengi wanasafiri Novemba au Desemba. Desemba jua la Berlin linachomoza saa mbili asubuhi imeshapita, na kabla ya saa kumi jioni limezama. Ukitoka nyumbani saa nne, ukanywa kahawa, ukapiga picha mbili tatu, giza hilo. Anayeweza kusubiri asubiri Juni, kwani usiku wa saa tatu bado kweupe. Asiyeweza avae fulana ya ndani, sweta, koti lisilopitisha upepo, glovu na soksi nzito. Lile koti ulilovaa Njombe ukajisifu, kule ni shati tu.

Sasa hili usiliruke: kabla ya kukata tiketi yoyote, angalia safari inaangukia siku gani ya wiki.

Mjomba wangu ni mtu wa upande wa Mipingo. Amekua akisikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake Wajerumani waliifukua kati ya mwaka 1909 na 1913. Kuifukua waliifukua wenyeji kwa mikono yao, na wapagazi wakaibeba kichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Katika ukoo wetu inasimuliwa kwamba babu yake mjomba alikuwa mmoja wao. Kiunzi kimesimama Berlin tangu 1937, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, kirefu kupita mita 13. Mzee alipopata mwaliko kwa binti yake, hakuulizia jingine. Alitaka akamwone mjusi.

Mkwewe, kijana mwema kabisa, akatafuta tiketi za basi mtandaoni, akaona kuna siku bei imeshuka. Akakata za kwenda na kurudi kwa watu wote wanne, mimi nikiwemo. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu.

Tulishuka treni ya chini ya ardhi ya U6, kituo cha Naturkundemuseum. Mjomba kavaa kanzu chini ya koti la kuazima, kofia ya viua kichwani, anatembea mbele yetu kama ndiye anayeijua njia. Tukafika mlangoni, umefungwa. Kibao kimeandika saa za Jumanne hadi Jumapili. Mkwe akakisoma, akazunguka upande wa pili wa mlango, akarudi akakisoma tena. Mjomba alipoelezwa akasema, "Mifupa imekaa humu miaka mia na zaidi, haikuona siku nyingine ya kupumzika ila leo?" Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Basi la kurudi lilikuwa jioni ile ile. Mpaka leo akiulizwa barazani kama alimwona mjusi, anahamisha mazungumzo kwenye bei ya ufuta.

Makumbusho hayana kosa, ratiba yao iko wazi kwenye tovuti. Makumbusho mengi ya Berlin hayafunguliwi Jumatatu, na Jumapili maduka mengi yanafungwa. Mwenye siku moja achague siku yoyote kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, na bado aangalie tovuti usiku wa kuamkia safari, kwa sababu majengo ya zamani hayaishi matengenezo na ukumbi unaoutaka wewe unaweza kuwa ndio umefungwa. Kuba la Bunge lao, Reichstag, kupanda ni bure, lakini unajiandikisha kabla na unakwenda na pasipoti. Usitokee tu getini ukitegemea kuonewa huruma.

Tiketi za treni za mjini zina mtego wake. Stesheni hazina geti, unaingia kama sokoni. Tiketi ya karatasi unaigonga muhuri kwenye kimashine cha pale jukwaani kabla hujapanda. Wakaguzi mara nyingi wanavaa nguo za kiraia, faini ni euro 60, na "sikujua" haisikilizwi. Nauli inakwenda kwa kanda: tiketi ya kanda A na B inatosha kwa mjini, ila uwanja wa ndege uko kanda C.

Usijaze ratiba. Kutoka Hauptbahnhof, stesheni kuu ya treni, unakwenda kwa miguu hadi Bunge, kisha Lango la Brandenburg, kisha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, yenye nguzo za zege 2,711. Pale hapapandwi juu kwa ajili ya picha. Mtaa wa jirani, Wilhelmstraße, ndiko ulikofanyika mkutano wa 1884 na 1885 wa kugawana Afrika. Kuna kibao, na sisi tuliogawanwa tukisome taratibu. Ukuta wenye michoro, East Side Gallery, uko mbali na hapo, panda treni.

Soseji za mitaani mara nyingi ni za nguruwe, uliza kabla hujauma. Mitaa ya Kreuzberg na Neukölln kuna Waturuki wengi, chakula cha halali hukosi. Njia ya baiskeli mara nyingi iko juu ya kibaraza cha watembea kwa miguu, ukisimama hapo kupiga picha utagongwa na utatukanwa. Baridi inamaliza chaji ya simu, kwa hiyo anwani ya mwenyeji iandike kwenye karatasi. Pochi iwe mfuko wa ndani. Namba ya dharura ni 112. Na kama umekuja kwa basi, angalia vizuri unaondokea wapi: stendi kuu ya mabasi, ZOB, iko magharibi ya jiji, mbali na Hauptbahnhof. Uwe pale nusu saa kabla, maana dereva wa kule si wa Masasi, hakungoji umalize chai.