Ukitaka kuhifadhi studio ya zamani, anza na kofi

Vijana wakisikia studio ya zamani ya redio inabomolewa hukimbilia kamera. Mimi niliyezeekea chumba cha mitambo nasema: zima feni, zima kiyoyozi, funga mlango, rekodi ukimya dakika moja. Kisha simama katikati upige kofi moja. Studio hulimeza kofi. Sebule hukurudishia mwangwi. Ukuta ukishaanguka, sauti ile huipati tena hata ukiwa na ramani.

Sasa chukua tepu ya kupimia. Milango mara nyingi ni miwili, na kijinafasi katikati; pima vyote. Dirisha kati ya mtangazaji na fundi lina vioo zaidi ya kimoja, na kimoja huinamishwa ili sauti isigonge ikarudi kwenye maikrofoni. Andika unene na mwinamo wake. Vibao vya ukutani vya kumeza sauti usivibandue, vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu.

Karatasi na michoro ya studio itafute kwa majina yote ya kituo. Redio ya Dar ilianza na Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) 1965. Ukiulizia "RTD" tu, miaka 14 ya mwanzo imekupita. Na ulizia hata wapika chai: mchoro mmoja niliousaka miezi mingi niliukuta umetandikwa chini ya birika.

Sheria isikupe usingizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, wakati ambao redio hata haijaota. Jengo la juzi linahitaji tamko la waziri, kwa hiyo faili lako liende limeshiba.

Kuliokoa jengo kukishindikana kabisa, fanya kama Wilkinsburg, Pennsylvania, Marekani. Huko Frank Conrad, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse, alikuwa akipiga santuri hewani kutoka gereji yake, jambo lililoisukuma Westinghouse kuanzisha kituo cha redio cha KDKA, kilichotangaza matokeo ya uchaguzi wa Marekani tarehe 2 Novemba 1920. Mwaka 2001 gereji ile ilifumuliwa tofali kwa tofali ikawekwa ghalani. Nawe piga picha ukuta mzima kwanza, halafu kila tofali lipewe namba upande utakaofichwa na udongo. Ile rekodi ya kofi usiifungie humo pamoja na matofali. Toa nakala tatu, uwape watu watatu wasiokaa nyumba moja.