Somo: Kukusanya surimono, picha za mashairi zilizochapwa kwa oda ya washairi

Surimono zilichapwa kwa vibao vya mbao huko Edo, ambayo leo ni Tokyo, hasa kwa ajili ya salamu za mwaka mpya. Walioziagiza na kuzilipia walikuwa hasa washairi wa kyoka, yaani mashairi mafupi ya Kijapani ya mzaha, ambao waligawiana wenyewe kwa wenyewe badala ya kuziuza madukani. Kwa hiyo anayekusanya aanze na shairi, si jina la mchoraji.

Hatua ya 1: Pima karatasi. Umbo lililozoeleka mwanzoni mwa karne ya 19 ni la karibu mraba, takriban sentimita 20 kwa 18. Zipo pia karatasi ndefu zilizokunjwa katikati, upande mmoja picha na upande wa pili mashairi. Nyingi zilikatwa na wamiliki wa baadaye waliotaka picha tu. Kipande cha namna hiyo hakistahili bei ya karatasi nzima, hata kikiwa na saini ya Hokusai, mchoraji mashuhuri wa Kijapani.

Hatua ya 2: Itazame kwa mwanga unaotoka ubavuni. Hapo ndipo utaona mapambo yaliyogandamizwa bila wino kwenye karatasi nene, kama vile nyuzi za vazi au manyoya ya ndege, pamoja na unga wa shaba unaong'aa mithili ya dhahabu.

Hatua ya 3: Linganisha na picha za makumbusho, mathalani Rijksmuseum ya Amsterdam. Mwishoni mwa karne ya 19 surimono nyingi zilinakiliwa kwa vibao vipya, na kibao kipya hakiwezi kufuata kila mkia wa herufi kama kile cha kwanza. Linganisha maandishi mstari kwa mstari, maana sura nzuri za watu hudanganya.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, yangu haina mhuri wa mkaguzi wa serikali. Je, ni bandia?
La, ndugu. Kwa kuwa hazikuwa bidhaa za sokoni, kwa kawaida hazikupigwa mhuri huo.

Nitajuaje mwaka wake ikiwa haukuandikwa?
Tafuta kwenye picha mnyama wa mwaka, maana katika kalenda ya Kijapani kila mwaka una mnyama wake. Hokusai alichora mfululizo wa farasi kwa ajili ya 1822, mwaka wa farasi. Ila mnyama hurudi kila baada ya miaka 12: joka linaweza kuwa la 1820 au 1832, hivyo angalia pia saini.

Naweza kuitundika sebuleni?
Kwa muda mfupi tu, mbali na jua. Baadhi ya rangi zake, hususani buluu iliyotengenezwa kwa maua, hupauka upesi kwa mwanga na huharibiwa na unyevu.