Boti ya rimoti inakohoa: usiguse kabureta kabla hujakagua njia ya mafuta

Boti ikianza kukosa nguvu majini, watu wengi hukimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Nakuomba sana, iache bisibisi hiyo kwenye boksi. Kama injini ilikuwa inakwenda vizuri wiki iliyopita na skrubu hazikuguswa, basi skrubu hazina kosa. Kuna kitu kingine kimebadilika, na ukizungusha skrubu utakuwa unakificha tu.

Nazungumzia injini za petroli za boti ya rimoti, hasa zile za 26 cc ambazo ni ndugu wa injini za mashine za kufyekea majani. Hazina oili ya kwao. Zinalainishwa na oili uliyochanganya kwenye petroli, kwa kawaida sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa kila lita. Hapo ndipo hatari ilipo: mafuta yakipungua kwenye silinda, na oili nayo imepungua. Injini haipungukiwi nguvu tu, inakauka.

Nilijifunza hilo kwa kupoteza pistoni. Boti yangu ilikuwa inashika sailensa, yaani mwendo wa chini bila resi, vizuri kabisa, lakini nikifungua resi yote inalia sauti nyembamba kama mluzi, halafu inakufa, hasa ikikata kona. Nikafungua kidogo skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima mafuta ya mwendo mkubwa, ikawa afadhali. Nikaongeza tena. Jumamosi mbili nzima nilikuwa kwenye skrubu ile ile. Jumamosi ya tatu binti yangu alikuwa ameishikilia boti kwenye maji ya kina kifupi, mimi nimeinama juu ya kabureta, akaniambia, "Baba, mbona kwenye mpira kunapita mapovu?"

Nikaangalia. Mpira wa mafuta unaonyesha ndani, na kweli, kila nikipandisha resi kulikuwa na msururu wa mapovu madogo, kama punje za mtama, yanakimbia kutoka kwenye tanki kwenda kwenye kabureta. Nikazima, nikauchomoa mpira. Kwa macho ulikuwa mzima. Nikaukunja pale ulipokuwa umebanwa kwenye mdomo wa tanki, ukafunguka ufa wa urefu wa punje ya mchele. Ukiunyoosha, ufa unapotea. Petroli ilikuwa imeukausha mpira ukawa wa njano na mgumu. Kupitia ufa ule injini ilikuwa inavuta hewa badala ya mafuta. Nilipochungulia kwenye tundu la ekzosi, pistoni ilikuwa tayari ina michirizi ya wima ubavuni. Mpira wa bei ndogo ulikuwa umekula pistoni na silinda.

Kwa hiyo kagua mpira kwanza, na uukague kwa kuukunja. Ukunje sentimita kwa sentimita, zaidi sana kwenye ncha mbili na ule ulio ndani ya tanki, ambao watu huusahau. Huo wa ndani una kizito mwishoni kinachofuata mafuta tanki linapolala upande. Mpira huo ukishakakamaa, kizito hakisogei tena, na ndiyo maana boti inakufa kwenye kona tu na kwenye mstari ulionyooka inakimbia vizuri. Kizito chenyewe mara nyingi kina filta. Kichomoe, uone kama mafuta yanapita kwa urahisi. Mimi sasa nabadilisha mipira yote kila mwanzo wa msimu, mibovu na mizima.

Tundu la kupumulia la tanki nalo lina tabia yake. Boti inakwenda vizuri dakika mbili tatu, inaanza kulegea, inakufa, ukiirudisha ukingoni na kusubiri kidogo inawaka tena kama haina shida. Siku ikifanya hivyo, fungua kifuniko cha tanki mara tu ikizima na utege sikio. Ukisikia hewa inafyonzwa kuingia ndani, umepata jibu: tanki halipumui, mafuta yanashindwa kutoka. Lizibue tundu, basi.

Dalili hiyo hiyo, ya kwenda vizuri kisha kulegea, huletwa pia na joto. Angalia maji ya kupoza yanayotoka ubavuni mwa boti. Yanatakiwa kuruka kama mkojo wa mtoto, bila kukatika. Yakidondoka matone, puliza mpira wa maji kutoka upande wa injini kurudi nyuma, mchanga na majani yatoke. Kwa sababu hiyo hiyo usiwashe injini nchi kavu zaidi ya sekunde chache, na isiwe kwa resi kubwa kamwe: haina mzigo wala maji.

Njia ya mafuta ikiwa safi, iulize plagi. Lakini iulize vizuri. Kimbiza boti resi yote kama dakika moja, uizime ikiwa kwenye mwendo ule ule, bila kuirudisha kwenye sailensa. Ukiiacha inguruma ukingoni, plagi itakusimulia habari za sailensa, siyo za mwendo. Fungua plagi injini ikishapoa. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe kama chokaa maana yake hewa ni nyingi na mafuta ni machache; simama hapo hapo, usikimbize tena mpaka ujue kwa nini. Nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi au moto dhaifu, yaani cheche ya plagi haina nguvu. Pengo la plagi liwe kama milimita 0.6.

Kuhusu moto, kabla hujanunua koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche, chomoa waya wa swichi ya kuzimia pale unapoungana na koili, ujaribu tena kuwasha injini ukiwa tayari kuizima kwa choki, kile kiziba hewa cha kabureta. Waya huo ukichubuka ukagusa chuma, au maji yakiingia kwenye swichi, moto unapotea njiani na injini inamisi. Nimeona koili nzima zikitupwa kwa kosa la waya. Pengo kati ya koili na flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, karibu milimita 0.3, hupimwa vizuri tu kwa kadi nyembamba.

Sasa zungusha shafti kwa mkono, plagi ikiwa nje. Isikwame popote. Waya wa shafti uliokauka grisi, au propela iliyopinda, au propela kubwa kupita nguvu ya injini, vyote humfanya mtu aseme "injini haivuti" wakati injini inavuta kila ilichonacho.

Ukifika hapa na tatizo bado lipo, ndiyo zamu ya kabureta. Usianze na skrubu hata sasa. Fungua kwanza kifuniko cha upande wa pampu, chenye skrubu moja. Ndani kuna kichujio kidogo cha wavu. Chembe chache tu za uchafu zinatosha kuzima injini kwenye resi kubwa. Usafi uwe kwa petroli safi na hewa, usichokoe matundu kwa waya. Upande wa pili kuna raba nyembamba ya duara. Ibonyeze kwa kidole: ikiwa laini na kimya ni nzima, ikilia kama karatasi imekakamaa, ibadilishe. Pampu ya kabureta hizi inasukumwa na mapigo ya hewa kutoka chumba cha krenki, kwa hiyo gasketi inayovujisha inaifanya pampu isipige. Gasketi hiyo hiyo ya kati ya kabureta na silinda ikivujisha, utaona ukirudisha resi mwendo haushuki, unaning'inia juu.

Kisha skrubu. Funga L, ya mwendo mdogo, na H taratibu mpaka zikae, bila kukaza, maana ncha zake huharibika. Fungua kila moja mzunguko mmoja na robo. Washa boti ikiwa majini, iache ipate joto. Rekebisha L mpaka injini ipokee resi ya ghafla bila kusita: ikikata sauti na kufa, fungua kidogo, ikigugumia na kutoa moshi, funga kidogo. H ifungue mpaka kwenye mwendo mkubwa injini inguruma kizito, kama imeshiba. Hapo funga moja ya nane ya mzunguko, kimbiza, sikiliza, funga tena moja ya nane. Sauti ikishanyooka, rudi nyuma, ufungue ile moja ya nane ya mwisho. Utapoteza mwendo kidogo. Uache upotee, ndiyo oili ya pistoni hiyo.

Na kama boti ilipinduka, usivute kamba ya kuwashia hata mara moja. Maji hayakandamiziki, na ukilazimisha utapinda konektingi rodi. Toa plagi, geuza boti chini juu, zungusha polepole mpaka maji yaishe, tia tone la oili ndani ya silinda, zungusha tena. Mwaga mafuta yaliyoingia maji na usafishe kabureta. Weka plagi kavu, na uiwashe siku hiyo hiyo: beringi zenye maji zikilala usiku mmoja zinaamka na kutu.