Kabla ya kuzalisha chaza, oteshani chakula chao

Kikundi kikitaka kuzalisha mbegu ya chaza wa kula, yaani chaza wachanga wa kufuga, fedha za mwanzo huenda kwenye matangi. Anzeni na chakula. Mtoto wa chaza hupata magamba yake mawili siku moja hivi baada ya yai kurutubishwa, na hapo tayari anataka kula. Chakula chake ni vijimwani visivyoonekana kwa macho, kama Isochrysis na Chaetoceros, vinavyooteshwa kwenye chupa zenye maji safi ya bahari, virutubisho na mwanga. Chupa zikiwa hazijakolea rangi, wazazi waacheni baharini.

Wachukueni wakati wa bamvua, maji yakikupwa mbali. Fungueni wawili watatu: nyama ikiwa nono na nyeupe kama tui zito, wamepevuka, ikiwa ya majimaji, subirini. Jike mmoja hutoa mayai mamilioni, ndiyo maana wengi hudhani wazazi wachache wanatosha. Wakiwa wachache, mbegu itakuwa ya ndugu watupu, na vizazi vyake hudhoofika. Tumieni wazazi wengi, wa kutoka miamba tofauti.

Sugueni magamba, wawekeni kwenye maji yaliyochujwa, kisha pandisheni joto nyuzi 4 au 5 kwa nusu saa hivi na kulishusha tena. Rudieni mpaka wamwage mayai na mbegu za kiume. Anayemwaga atengwe. Mkizichanganya na mayai, mbegu za kiume ziwe kidogo. Zikizidi, yai huingiliwa na zaidi ya moja na kiluwiluwi, yaani mtoto wa chaza, huharibika.

Baada ya hapo ni usafi: maji ya chujio la maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), yabadilishwe kila baada ya siku mbili. Msilishe kupita kiasi, chakula kinachobaki hukuza bakteria. Baada ya wiki mbili au tatu, viluwiluwi vikionyesha doa jeusi la jicho na kutoa mguu, vitandikieni magamba makavu ya chaza yaliyooshwa, vishike.

Mbegu msiipeleke baharini wakati wa masika, hasa karibu na vijito, kwani mvua hupunguza chumvi. Fumba na Bweleo kule Unguja, ambako akina mama wamefuga chaza wa lulu, kamba na maboya ya namna ileile yatabeba na vikapu vya mbegu hii. Kaeni mbali na mitaro ya maji machafu: chaza huchuja kila kinachopita, na huyu ni wa kuliwa.