Somo: Kuvuna mzizi wa mukombero bila kuua mmea

Mukombero (Mondia whitei) wengi tunaujua kwa vipande vya mizizi vya wachuuzi. Porini nchini Kenya hutambaa juu ya miti, hasa Msitu wa Kakamega ulio magharibi mwa nchi, na kandokando yake. Huko umeadimika kwa sababu wachimbaji hung'oa mmea mzima. Tena, kuchimba ndani ya msitu wa serikali bila kibali ni kosa, kwa hiyo nazungumza na aliyeupanda shambani.

Hatua ya 1: Hakikisha ndio wenyewe. Majani ni mapana, yana umbo la moyo na hukaa mawili mawili yakitazamana. Shina likikatwa hutoa utomvu mweupe, lakini usiishie hapo, maana mimea kadhaa ya sumu hutoa utomvu kama huo. Kwaruza mzizi unuse: mukombero hunukia vanila. Ukibaki na shaka, usionje, mwite anayeujua.

Hatua ya 2: Chimba upande mmoja tu. Anza mbali kidogo na shina, fuata mzizi wa pembeni, ukate kwa kisu kikali, kisha fukia vizuri. Mzizi mkuu usiuguse! Tamaa huwashika watu hapa, kwani ulio mnono ndio ulio karibu na shina. Msimu mwingine geukia upande wa pili.

Hatua ya 3: Osha, tafuna ganda, tema kiini kigumu. Au kausha kivulini, twanga, tia kwenye chai.

Wazee wa magharibi mwa Kenya huutumia kuamsha hamu ya kula, kutuliza tumbo na kuongeza nguvu za kiume. Majani nayo ni mboga.

MASWALI

Mwalimu, hizo nguvu za kiume ni kweli?
Sifa hizo ni za siku nyingi. Majaribio ya panya nchini Kameruni yamegongana: mengine yaliunga mkono, mengine yalionyesha kuwa dozi kubwa za muda mrefu hudhoofisha utengenezaji wa mbegu za kiume. Kutafuna kipande jioni si sawa na kunywa unga kila siku.

Mke wangu ni mjamzito, atafune?
Hapana. Usalama wake kwa wajawazito haujathibitishwa. Anayemeza dawa za hospitali naye amuulize daktari kwanza.

Mbegu nazipataje?
Vizia maganda yakikauka, uyachume kabla hayajapasuka. Mbegu zina manyoya laini, upepo ukizipata zimekwenda. Panda karibu na mti wa kuparamia.